Kitabu Kilichofungiwa Shayiri

Shibeshi alikuwa anabeba vitabu arobaini kwenye mkono mmoja. Wa kushoto. Anaanzia kiunoni, anapanga kimoja juu ya kingine mpaka vinafika kidevuni, anavibana kwa kidevu, halafu anaupanda mtaa wa Piasa taratibu kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala. Mkono wa kulia unabaki mtupu kwa kazi ya kuchomoa. Ukimtajia kitabu, hata kiwe cha thelathini kutoka juu, anakichomoa bila rundo kutikisika. Kuna watu pale mjini Dessie walikuwa wanaulizia vitabu wasivyovitaka, ili tu wamwone akichomoa.

Kitabu kimoja hakikukaa kwenye rundo. Hicho kilikuwa mfukoni mwa koti lake la jeshi. Jaladani kilima kitupu, hakuna bendera, hakuna farasi, hakuna mtu. Jina lake *Kilima Kisicho na Jina*. Aliyekiandika alikuwa karani wa stoo ya jeshi, na hakuandika kingine maishani. Ni riwaya ya askari, na Shibeshi alikuwa anamtolea kila mtu, hata aliyekuja kutafuta kamusi.

“Gashe, nataka cha mapenzi,” binti wa chuo cha ualimu anamwambia, maana huko mwanamume aliyekuzidi umri unamwita Gashe.

“Chukua hiki.”

“Hiki si cha vita?”

“Cha vita.”

“Sasa mapenzi yamo?”

“Yamo. Ukurasa wa mia na kumi kuna koplo anapenda kipande cha sabuni. Anakinusa tu, hakiogei, anaogopa kitaisha. Soma hapo, halafu uje uniambie kama wewe umewahi kupendwa hivyo.”

Binti anacheka mpaka anashika ukuta. “Na shujaa je?”

“Shujaa hayumo. Ukitaka shujaa huyu hapa, wa tatu kutoka juu, amepanda farasi mweupe. Humu kuna chawa, kiu, na watu kumi na tisa wanaosubiri lori la maji. Lakini hakuna neno la uongo. Ukurasa wa sitini na nne wanapika dengu kwenye kofia ya chuma. Ukiusoma utasikia harufu, nakwambia! Usipoisikia, nirudishie.”

Na binti anaondoka nacho kwa kuazima, kesho yake nakala nyingine iko mfukoni. Wengi walikuwa wanaondoka nacho. Waliokirudisha walikuwa wachache, na waliosema kimepotea walikuwa wengi, na Shibeshi akisikia kimepotea anafurahi kuliko kulipwa.

Namna alivyokipata ni habari yenyewe.

Alifika Dessie kwa miguu, mwaka ule jeshi la zamani lilipovunjika na kila askari akaambiwa ajitafutie njia ya kwao. Alitembea wiki tatu kutoka kaskazini, mguu mmoja una buti, wa pili umefungwa gunia. Kwao hakukubaki mtu, basi akaishia pale. Askari walikuwa wamejaa barabarani wakiomba, watu wameshachoka kuwaona, wakiwasikia wanafunga mlango. Bizunesh hakufunga. Alikuwa mjane, ana mtoto mmoja, na benchi lake la kahawa lilikuwa nyuma ya soko la nafaka.

“Kaa basi, usinisimamie hapo kama nguzo ya simu,” alimwambia. Akampa kahawa, akampa na shayiri ya kukaanga kwenye karatasi iliyokunjwa kama pembe.

Shibeshi alikula, akataka kuitupa ile karatasi, akaona ina maandishi. Akaikunjua. Humo kulikuwa na kikosi kizima chenye sindano moja ya kushonea. Mwenye sindano amekufa, amelala mbele ya handaki, na sindano imo kwenye ukosi wa shati lake, kila mtu anajua. Suruali zao zimepasuka. Hakuna anayetaka kwenda. Mwisho wa ukurasa, mmoja akasimama.

“Etete,” Shibeshi akasema, kwa heshima ya kumwita dada mkubwa, “niongeze shayiri.”

“Kumbe una njaa kweli!”

Pembe ya pili ilikuwa ukurasa mwingine kabisa, wa mbele huko. Ya tatu ikawa ya nyuma. Mpaka jua linazama alikuwa amekula pembe kumi na moja, tumbo limekuwa ngoma, na bado hajui nani aliifuata sindano.

“Etete, hizi karatasi umezitoa wapi?”

“Karatasi! Mwenzio nimekupa chakula, wewe unaulizia karatasi?”

Alikuwa amezinunua kwa kilo, gunia zima la vitabu vilivyokosa mnunuzi, vya kufungia. Humo ndani *Kilima Kisicho na Jina* vilibaki ishirini na viwili vizima. Shibeshi akamsihi amwachie. Bizunesh akasema sawa, niletee magazeti ya uzito huohuo, mimi shayiri yangu siifungii mkononi. Wiki nzima Shibeshi akazunguka mahotelini kuomba magazeti ya jana. Akaleta gunia, akachukua gunia. Hivyo ndivyo alivyoanza biashara ya vitabu, na tangu siku hiyo anakunywa kahawa benchi lile lile, vikombe vitatu kama desturi inavyotaka, bila kukosa.

Sasa kitu kimoja kuhusu Shibeshi. Alikaa vitani miaka sita, na ukimuuliza kukoje huko, jibu lake lilikuwa moja tu.

“Kulikuwa na baridi.”

Basi. Umtie konyagi, umtie tej ya asali, hutoi kingine. Si kwamba anaringa. Anafungua mdomo kabisa, unaona anatafuta, halafu unatoka huo huo ubaridi. Ndiyo maana alikipenda kile kitabu namna ile. Karani wa stoo alikuwa ameyasema yote yaliyomkaa Shibeshi kooni, mpaka namna soksi inavyogandamana na ngozi. Akikupa, ni kama anakujibu.

Miaka minane ikapita, vita vingine vikaanza mpakani, na mtoto wa Bizunesh, Getinet, naye akaenda. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Barua ya kwanza ikaja, ya pili ikaja. Halafu kimya. Mwezi, miezi mitatu, miezi minane.

Bizunesh alianza kupungua. Kahawa anaiunguza. Shayiri anaisahau motoni. Usiku halali, anakaa anajiuliza mtoto wake amelala juu ya nini.

“Shibeshi,” alimwambia siku moja, “wewe umekaa huko miaka sita. Niambie tu wanalalaje. Sikuulizi kingine.”

Shibeshi akaweka kikombe chini. Akafungua mdomo.

“Kuna baridi, Etete.”

“Hilo umeniambia jana.”

“Ndiyo.”

“Na juzi.”

Akajaribu tena. Jasho likamtoka. Bizunesh akamwangalia, akageuza uso, na Shibeshi akaona machozi yake, akajisikia mtu bure kabisa. Huyu ndiye aliyempa kikombe cha kwanza, na kitu kimoja anachokiomba hawezi kumpa. Akatia mkono mfukoni.

“Etete, hiki hapa kinasema. Nitakusomea.”

Kabla Bizunesh hajajibu, Yeshi akaruka. Yeshi ni jirani, anauza pilipili meza ya pili, na masikio yake yako kila meza.

“Riwaya ya vita? Kwa mama mwenye mtoto huko huko? We Shibeshi una wazimu, au ndiyo unaanza leo?”

“Ni ya kweli, Yeshi.”

“Ndiyo ubaya wenyewe! Msomee ya farasi mweupe huko. Ukimsomea hiyo mbele yangu nakumwagia pilipili kwenye macho hayo unayosomea.”

Bizunesh akamwaga kahawa iliyobaki, akafunga. Kesho yake hakufungua benchi. Wala kesho kutwa. Yeshi akawa anampelekea injera, anakuta ya jana iko vile vile.

Shibeshi akaamua. Mchana Yeshi yupo, jioni majirani wapo, basi ataenda alfajiri, kabla mtu hajaamka. Macho yake mwanga hafifu hayauwezi, kwa hiyo akamwomba Mwalimu Ayalneh, mstaafu mwenye sauti ya kujaza darasa, aje amsomee. Wakajifunga magabi, zile shuka zao nzito nyeupe, maana baridi ya alfajiri ya Dessie haina adabu, na kwa sababu walikuwa wanakwenda kwa mtu mwenye majonzi, wakatembea polepole, kimya, vichwa chini.

Sasa hapo ndipo palipoharibika.

Kwa watu wa kule, habari ya msiba haipelekwi ovyo. Mtu wako akifia mbali, wewe unaweza kufichwa hata wiki, watu wanaojua wanakuchekea tu. Mpaka siku ikipangwa, wazee wanajifunga nguo nyeupe, wanakuja alfajiri kabla hujatoka, kimya, ili likupate ukiwa nyumbani na watu wako. Ukiwaona barabarani huulizi. Kuuliza ni utovu wa adabu. Unajiunga nyuma yao, unatembea.

Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka mlima Tosa, huoni hatua kumi. Wa kwanza kujiunga alikuwa mzee Lakew, anakwenda kanisani. Akawaona wanaume wawili waliojifunga nyeupe wanaelekea kwa Bizunesh. Akavua kofia, akaingia nyuma. Halafu Haji Seid, ametoka msikitini kwenye swala ya alfajiri. Akatazama, akatikisa kichwa, akaingia. Halafu mwokaji mikate, unga bado mikononi. Halafu wengine sita, mmoja mmoja.

Shibeshi akageuka, akaona safu. Moyo ukampanda. Akamnong'oneza Ayalneh:

“Mwalimu, uliwaambia watu?”

“Nilimwambia mke wangu tu.”

“Basi habari imefika. Ona! Wamekuja kusikiliza kitabu.”

“Alfajiri hii?”

“Nimekitembeza miaka minane, Mwalimu. Unadhani watu hawasikii?”

Na wallahi aliamini. Alitembea kifua mbele, ana furaha mtu yule, amekikumbatia kitabu ndani ya gabi. Walipofika mlangoni walikuwa kumi na mmoja. Ayalneh akakohoa, vile vile wanavyokohoa wazee wa msiba. Shibeshi akagonga.

Bizunesh akafungua. Akawaona. Wanaume kumi na mmoja wa nguo nyeupe kwenye ukungu, vichwa chini.

Hakuuliza. Alianguka pale pale kizingitini na akapiga ukelele ambao walioko Piasa waliusikia. “Getinet wangu! Mwanangu wee! Mwanangu!” Anajipiga kifua, anavuta nywele. Milango ikafunguka mtaa mzima, wanawake wakamiminika wakilia, Yeshi mbele, shuka ameivaa ndani nje. Haji Seid anajifuta macho. Vijana wa chama cha mazishi, hao ndio wepesi zaidi, walishafika na nguzo mbili za turubai.

“Etete, si hivyo!” Shibeshi anapiga kelele. “Ni kitabu! Etete, ni riwaya!”

Nani amsikie? Mwokaji amemkumbatia analia begani kwake, “Pole, kaka, pole, alikuwa kijana mzuri.” Turubai linapanda. Mtu ameshakwenda kukodi sufuria.

Ndipo Mwalimu Ayalneh akapanda juu ya jiwe, akatoa ile sauti yake ya darasani ya miaka thelathini.

“NYAMAZENI! Hakuna aliyekufa!”

Nguzo ikabaki inaning'inia.

“Hakuna?” Yeshi akauliza. “Sasa nyie mmekuja kufanya nini alfajiri yote hii?”

Shibeshi akatoa kitabu ndani ya gabi. “Kusoma,” akasema.

Kilichofuata si cha kusimulia kirefu. Yeshi alimpiga kwa sandali. Mwokaji, aliyekwisha kulia machozi ya kweli, alitaka kumpiga na yeye, akashikwa. Haji Seid akasema katika umri wake wote hajawahi kuona. Mzee Lakew akamwambia amemwitia kifo mtoto wa watu, na asikanyage tena mtaa ule. Bizunesh aliinuliwa akaingizwa ndani, hakumtazama.

Shibeshi akahamisha mzunguko wake upande wa hospitali. Vitabu vilikuwa arobaini ila vilimwelemea, na siku mbili mfululizo rundo lilimwangukia, kitu ambacho Dessie haijawahi kuona. *Kilima Kisicho na Jina* hakukitoa mfukoni kwa mtu yeyote. Alijiambia: miaka minane unawaambia watu kitabu hiki hakiumizi, kinasema tu. Sasa umeona.

Siku ya tano alikuwa amekaa kwenye ngazi za hospitali, anakula shiro yake ya dengu, akaona kivuli. Ni Bizunesh. Amevaa vizuri, nywele amesuka.

“Etete.” Akasimama, shiro mkononi.

“Kaa.” Akakaa na yeye. “Mwenzio nimeshamlilia mwanangu.”

“Nisamehe, Etete. Mimi nili...”

“Nyamaza kwanza. Kunyamaza ndiko unakokuweza.” Akavuta nguo begani. “Miezi minane nilikuwa naiogopa siku ile. Kila nikisikia kikohozi alfajiri, roho inatoka. Sasa imekuja, nimeanguka, nimelia, nimeinuka. Imebaki nini cha kuniogopesha? Lakini nilipokuwa nalia, Shibeshi, nilitaka kumlilia jinsi alivyolala siku ya mwisho, nikakuta sijui. Namlilia mtoto ambaye sijui analalaje. Hilo ndilo lililoniuma. Kitabu unacho?”

“Ninacho.”

“Kesho mchana. Nafungua benchi. Na Yeshi nimeshamwambia akijaribu pilipili yake, namwaga kahawa kwenye sandali zake zote.”

Basi wakaanza. Mchana kweupe, nyuma ya soko la nafaka, Bizunesh anakaanga kahawa, Shibeshi anasoma mwenyewe, macho karibu na karatasi. Vikombe vitatu, kurasa kumi. Siku ya kwanza msikilizaji alikuwa Bizunesh peke yake. Siku ya pili Yeshi alisogeza meza yake ya pilipili, akasema jua linamchoma kule. Siku ya nne mwokaji alikuja na mikate, akakaa. Haji Seid akaanza kupita “kwa bahati” kila siku saa ile ile.

Walisikia namna askari wanavyolala wawili wawili, mgongo kwa mgongo, blanketi moja chini na moja juu. Bizunesh akaacha kupepea moto. “Kwa hiyo hayuko peke yake,” akasema.

Walisikia namna wanavyomwamsha mtu. Hakuna anayegusa. Unasimama mbali unaita jina mara tatu, maana aliyelala na bunduki ukimgusa anaamka vibaya.

Halafu ikaja siku ya magunia. Kwenye kile kilima lori linakuja mara moja kwa wiki mbili, linabeba maji. Mapipa yakijaa lori, barua hazina nafasi. Kwa hiyo barua zinakaa bondeni kwenye magunia, miezi, na askari wanaandika tu, wanajua zinakwenda kulala gunia, na wanaandika hivyo hivyo.

“Rudia hapo,” Yeshi akasema.

Shibeshi akarudia.

“Na ni kweli hiyo? Au mwandishi anatunga?”

Shibeshi akafunga kitabu juu ya kidole. Wote wakamwangalia. Mdomo ukafunguka, wakajua sasa inakuja baridi.

“Mimi nililalia gunia la barua,” akasema. “Miezi miwili. Lilikuwa mto wangu.”

Bizunesh akammiminia kikombe cha nne, na kikombe cha nne hakipo katika desturi.

Kitabu kilikwisha, wakaanza upya. Mara ya pili hawajafika ukurasa wa hamsini, Getinet akarudi.

Alirudi na likizo ya mwezi, mguu umefungwa bandeji, mwembamba, na mkobani ana barua zake mwenyewe kumi na nne ambazo zilikuwa hazijasafirishwa. Mtaa ukaimba. Watu wale wale wa turubai wakapandisha turubai lile lile, safari hii kwa ajili ya kula. Wakamuuliza, kukoje huko?

“Kuna joto,” Getinet akasema.

Siku nne hakusema kingine. Alilala mchana, na mama yake hakumgusa. Alisimama mlangoni akaita: “Getinet. Getinet. Getinet.” Kijana akafungua macho.

“Mama, nani kakufundisha kuniamsha hivyo?”

“Shibeshi. Ana kitabu.”

Getinet akakiazima. Akakisoma kitandani siku mbili, chakula analetewa. Siku ya tatu mchana akaja benchini anachechemea, Shibeshi yupo kikombe cha pili, akakitupa kitabu mezani.

“Gashe, huyu karani wako muongo.”

Shibeshi akaweka kikombe chini pole pole.

“Wapi?”

“Ukurasa wa sitini na nne. Nani anapika dengu kwenye kofia ya chuma? Rangi inayeyuka, inaingia kwenye chakula, kikosi kizima mnaharisha. Sisi wote tuliharisha siku ya kwanza, hatukurudia tena.”

“Hukuichoma kwanza.”

“Kuichoma?”

“Kofia mpya unaichoma kwanza kwenye moto mtupu mpaka rangi yote ibabuke, unaisugua na mchanga. Ndiyo unapika. Nyie hamkufundishwa?”

“Sisi tulipikia kopo la risasi.”

“Kopo la risasi!” Shibeshi akapiga paja. “Lile lina mafuta ya bunduki! Mwanangu, ulikula mafuta ya bunduki?”

“Afadhali mafuta kuliko rangi!”

“Sikiliza wewe. Sisi tulikuwa na mpishi mmoja anaitwa Debas, anatoka Gojam, ana kidole kimoja pungufu...”

Na akaendelea. Alimsimulia Debas, akasimulia kisima kilichooza, akasimulia usiku walipomzika mpishi huyo huyo na kofia yake ya kupikia. Getinet anamkatiza, “Sisi je! Sisi tulikuwa na mmoja,” na anatoa ya kwake, na Shibeshi anabisha, wanapigiana meza. Yeshi alisahau kupima pilipili ya mteja. Haji Seid alikosa mahali pa kukaa, akasimama.

Bizunesh hakuuliza swali hata moja. Aligeuza shayiri motoni taratibu isije ikapasuka kwa kelele, akawa anasikiliza mwanawe alikula nini, na nani, na alilalaje.